Kambi ya Kaskazini

London, 6 Septemba 1895

Mdogo wangu Geok Neo,

Nimefika, na mifupa yangu yote ipo. Kilichoharibika ni koo, kwa moshi, na nguo, kwa ile chupa ya pilipili ya sambal uliyonifungia. Ilivunjika kabla hatujafika Suez. Mashati yangu yote yananuka kamba wa baharini, na Bwana Harcombe, mwenzangu wa ujumbe, akikaa nami mezani anavuta kiti chake pembeni kidogo kidogo akidhani sioni.

Nimepanga kwa mjane mmoja, Bi Tuckwell. Mama mwenye heshima zake, ila chakula chake kinapikwa kama cha mgonjwa. Chumba kiko ghorofa ya pili na dirisha linatazama ukuta.

Kazi tumeianza. Najua majirani watakuuliza, kwa hiyo waeleze hivi: serikali ya huku inataka koloni letu lilipie askari wake wote waliowekwa kwetu, na ngome, na mizinga, na viatu. Wafanyabiashara wa Melaka wametutuma tukaombe mchango upunguzwe. Bwana Harcombe ndiye msemaji, kwa sababu ana sura ya kusikilizwa. Mimi nashika karatasi na kumkanyaga mguu akikosea. Upande wa pili wa meza yupo Kanali Wexcombe, mtu mpole sana, na upole wake ndio unaonitia wasiwasi. Jana alituambia, "Ninyi mnalala usingizi kwa sababu yetu." Nikamwambia Melaka hatujawahi kumwona askari wake hata wa dawa, wote wako Singapore. Akatabasamu, akaandika kitu.

Usisahau kwamba mwaka huu vibao vya ramli vya hekalu viliniangukia mimi kuwa mshika chetezo, na wewe ndiwe umesimama mahali pangu. Kila siku ya mwezi mosi na kila siku ya kumi na tano, askari wasioonekana wa Jenerali, mungu wa hekalu letu, walishwe. Kusanya michango nyumba kwa nyumba, na ukali wako utumie kwao, mimi unipumzishe.

Nitarudi kabla ya Mwaka Mpya. Nyumba haina mwanamume mwingine, kwa hiyo funga milango.

Kaka yako,
Koh Seng Tiang


Melaka, 4 Oktoba 1895

Kaka,

Chupa haikuvunjika. Uliifungua melini ukaifunga vibaya, nakujua tangu umezaliwa ingawa ulinitangulia.

Juzi ilikuwa kumi na tano ya mwezi wa nane kwa kalenda yetu, tukawalisha askari wa Jenerali. Kambi zote tano, za pande nne za mtaa na ya katikati, kila bendera na meza yake: wali, nguruwe wa kuchemsha, mayai ya bata, mvinyo, na fungu la majani na ndoo ya maji kwa ajili ya farasi wao. Tulimaliza saa kumi alasiri, mgongo unaniuma kama nimebeba farasi wenyewe.

Sasa nikwambie ukweli. Michango haiji. Mchele umepanda bei. Bibi wa duka la vitambaa aliniambia usoni pangu, "Askari wasioonekana wale chakula kisichoonekana." Nusu ya wali ule nimeutoa kwenye akiba yetu. Ukiendelea kukaa huko, mimi na wewe tutakula uji.

Nimekaa nikafikiri. Upande wa kaskazini, tangu moto wa mwaka juzi, hakuna tena mtaa. Vimebaki vibanda vinne ng'ambo ya kinamasi, na wanaume wanne wasio na wake wala senti: Ong Teck muuza keki, yule Chia fundi wa majeneza, Yeo mvuvi wa kaa, na mzee kiwete ambaye jina lake watu wamelisahau. Hawatoi chochote. Na bendera nyeusi imesimama pale pale, na meza yake inakula kama nyingine. Hivi kambi ya kaskazini inamlinda nani?

Nakuuliza tu. Mlinzi wa hekalu, Chua, nilipomuuliza alijifanya hasikii. Uziwi wake unakuja na kuondoka apendavyo.

Rudi mapema. Nyumba bila wewe ina mwangwi, na mimi si mtu wa kuogopa, lakini siupendi.

Mdogo wako,
Geok Neo


London, 1 Novemba 1895

Geok Neo, mwenye akili wa ukoo huu,

Umesema kwa mstari mmoja jambo ambalo Bwana Harcombe amelitafuta wiki nane. Barua yako ilifika Jumatatu. Jumanne nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, akalisoma mbele ya Kanali kama lake: "Askari hawa tunaowalipia, wanamlinda nani?" Kisha tukawaeleza pole pole: ngome inalinda makaa ya meli zenu, meli zinalinda biashara yenu ya China, na mtu wa Melaka anayeuza dengu analipia. Kwa mara ya kwanza Kanali aliacha kutabasamu. Amekubali kwamba kiasi kinaweza kuzungumzwa.

Basi na sisi tuanze nyumbani. Haiwezekani nikae huku naomba kupunguziwa askari, na kwangu nalisha kambi inayolinda kinamasi. Iondoe kambi ya kaskazini. Ng'oa bendera, kunja meza, zibaki nne.

Najua unakunja uso. Usifanye kwa ubabe, uliza vibao kwa adabu. Kimoja chali na kimoja kifudifudi, mara tatu mfululizo, Jenerali amekubali na hakuna wa kukulaumu. Ila uliza swali fupi. Mkubwa ukimpa swali refu anapata nafasi ya kutia masharti, hilo nimejifunza hapa.

Huku baridi imeanza, na saa tisa alasiri tunawasha taa. Kikohozi ninacho, kidogo.

Kaka yako,
Seng Tiang


Melaka, 2 Desemba 1895

Kaka,

Nimefanya ulivyosema. Jana, kumi na tano ya mwezi wa kumi, kabla hatujaandaa chakula, nilipiga magoti nikauliza: tuondoe kambi ya kaskazini? Nikarusha.

Vyote viwili chali. Unajua maana yake, anacheka. Nikarusha tena, akacheka tena. Chua, masikio yakiwa mazima siku hiyo, akasema, "Mkubwa akicheka anaulizwa anacheka nini." Lakini jua lilikuwa kali, wanawake walikuwa wamesimama na masinia vichwani, na wewe ulisema swali fupi. Nikarudia swali lile lile. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Haraka kabla sijavuta pumzi, kama mtu anayesaini karatasi bila kuisoma.

Tukang'oa bendera nyeusi. Ardhi ni kavu mwezi mzima, Kaka, kinamasi chenyewe kimepasuka. Lakini shimo la mti wa bendera lilijaa maji pale pale mpaka juu, maji meusi, yametulia. Chua alilitazama akaenda zake nyumbani bila kula.

Labda ni chemchemi. Wanawake wamefurahi, michango imeshuka, wameniambia nikushukuru. Bendera nimeikunja nikaiweka ghalani.

Umesema kikohozi kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Tafuta tangawizi. Usiniandikie habari za makaa ya meli, niandikie habari za kifua.

Geok Neo


London, 20 Desemba 1895

Mdogo wangu,

Sijui kama barua yangu ya mwezi jana umeipata na kama Jenerali amekubali, lakini nina habari ya kukuchekesha.

Mazungumzo yetu huandikwa na karani mmoja mwenye miwani. Kila mwisho wa kikao anasoma waliohudhuria. Upande wetu siku zote ni wawili, Bwana Harcombe na mimi. Tarehe sita akasoma watatu. Bwana Harcombe akamwambia amekosea, akafuta, akaomba radhi. Jana akasoma wanne. Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Hao mabwana wawili waliosimama nyuma ya kiti cha Bwana Koh, niwaandike vipi?" Nikageuka. Ukuta na ramani.

Na mhudumu wa chai alikuwa ameleta vikombe vinne kwa upande wetu, na vile viwili viliwekwa pembeni, karibu na ramani. Kanali akatania: mnalia umaskini, na kila kikao mnakuja na wafuasi zaidi. Nadhani ni ukungu, macho yote ya mji huu yanauma.

Sasa habari kubwa. Wamekwama kwenye kiasi, nasi tumekwama. Nikapata wazo usiku nikakohoa nalo mpaka asubuhi: badala ya fedha, tuwape watu. Koloni litaunda kikosi chake cha kujitolea, vijana wetu wenyewe, na kwa kila mtu wetu anayeshika bunduki, mchango ushuke. Bwana Harcombe alinikumbatia. Kanali alilipenda mno. Alilirudia mara mbili kama anaonja mvinyo: "Kama fedha hamtoi, toeni watu."

Nadhani tutamaliza Januari. Nitapanda meli nikiwa mtu mkubwa, andaa nyuso zenu.

Kifua kiko vile vile. Tangawizi ya hapa haina nguvu.

Seng Tiang


Melaka, 22 Desemba 1895

Kaka,

Sina mzaha leo, nisome taratibu.

Ong Teck muuza keki amekufa tarehe tano. Walimkuta amekaa mlangoni kwake, sinia la keki magotini, hazijaguswa. Nilisema ni moyo. Tarehe kumi na nane akafa Chia, fundi wa majeneza. Alikuwa mzima asubuhi, saa sita mchana alilala kupumzika. Nilikwenda mwenyewe kusaidia kumwosha. Viatu vyake vilikuwa vimejaa maji, na nyumba ni kavu, na mtungi wake ulikuwa mtupu. Hata Teck, mkewe wa zamani ananiambia sasa, miguu ilikuwa imelowa. Maji ni ya kaskazini, Kaka, kila mtoto wa hekalu anajua hilo.

Tarehe kumi na sita, siku ya mwezi mosi kwetu, niliirudisha bendera nyeusi. Nikapika kwa fedha zetu, meza kamili, nguruwe mzima badala ya kipande. Meza nne zilijaa nzi kama kawaida. Ya kaskazini hakutua hata mmoja. Niliisimamia mpaka saa kumi na mbili jioni. Nyama ilikaa pale kwenye jua, hakuna nzi, hakuna chungu, na mbwa alipita mbali.

Baada ya Chia kufa nikaenda kwa Jenerali, nikauliza kile nilichopaswa kuuliza siku ile. Unacheka nini? Mnataka wali? Hapana. Nyama? Hapana. Mvinyo? Fedha? Hapana, hapana. Chua alikuwa nyuma yangu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Muulize kama anataka watu." Nilikataa kuuliza. Akauliza yeye. Ndiyo, mara tatu.

Wangapi? Tulihesabu kwa kurusha. Watano.

Chua anasema askari wale wa zamani walivunjiwa mkataba wakaondoka, na Jenerali hawezi kuacha upande mmoja wazi, kwa hiyo anaandikisha wapya, kutoka kwetu. Sikutaka kumwamini. Nimekuandikia ili uniambie mimi ni mjinga, kama unavyoniambia siku zote. Niambie, nitafurahi.

Upande ule wanaume wamebaki wawili, na hesabu inataka watatu.

Geok Neo


Simu ya maandishi kutoka Melaka, 16 Januari 1896

KOH NYUMBANI KWA TUCKWELL LONDON
WANNE WAMEKUFA WA TANO NYUMBA YETU VIBAO VIMESEMA USIANDIKE JINA LAKO POPOTE
GEOK


London, 17 Januari 1896

Geok Neo,

Simu yako imenifikia leo saa sita mchana. Maneno kumi na mawili, ukiacha anwani. Nimeketi kitandani najaribu kufikiri umeuza kito gani cha mama kulipia, na umeisoma barua ipi iliyokutia wazimu huu, maana mimi ninayo ile ya tarehe mbili Desemba tu, ya vibao vilivyocheka. Wanne wapi? Waliokufa ni nani? Kama kuna kipindupindu, ondokeni mtaa huo, mwende kwa shangazi.

Na jina lenyewe, dada, nimeshaliandika. Saa nne asubuhi, saa mbili kabla ya karatasi yako.

Sikiliza ilivyokuwa, halafu unikasirikie ukitaka. Tumeshinda. Mchango umeshuka karibu nusu, kwa sharti la kikosi cha kujitolea. Yalibaki maneno ya kufunga. Kanali akaweka kalamu chini, akanitazama mimi, si Bwana Harcombe, akasema, "Bwana Koh, watu wa kwenu kweli watajitolea, au haya ni maneno ya mezani? Wewe mwenyewe je?" Chumba kizima kinanitazama. Ningesema nini? Nikacheka nikamwambia, "Niandike mimi wa kwanza." Akaleta karatasi mpya. Ilikuwa imeshapigwa mistari mitano.

Nikaandika kwa herufi zao na kwa herufi zetu. Nilianzia mstari wa kwanza, lakini karani akanigusa mkono akasema, "Samahani bwana, mstari wako ni ule wa chini." Nikadhani ni desturi yao. Nikaandika chini.

Kisha akasoma waliohudhuria. Upande wetu, sita.

Hakuna aliyecheka leo, wala hakuna aliyemsahihisha. Nilisikia ubaridi kwenye visigino, nikainama, zulia lilikuwa limelowa kuanzia kiti changu mpaka ukutani. Huku mvua inanyesha kila siku, Geok, watu wanaingia na matope. Najieleza mwenyewe kwa sauti unavyoona.

Bi Tuckwell naye amechukia. Anasema nikipokea wageni niwaambie wafute miguu kabla ya kupanda ngazi, na wakiwa na njaa wasisimame jikoni kwake kumtazama akipika. Nilimuuliza, watu gani? Akasema, "Watu wa kwenu, wanne. Wana adabu, lakini hawasemi. Mmoja anachechemea." Nikamwambia hawatakuja tena.

Nina homa. Meli ni tarehe nne Februari. Mkataba tumesaini, Kaka yako ameishinda serikali kwa karatasi na kalamu. Nitafute bandarini mwanzoni mwa Machi, na Mwaka Mpya wetu wa Februari mniwekee nafasi mezani hata kama nimechelewa.

Kaka yako anayekupenda, ingawa hukumuuliza,
Seng Tiang


Simu ya maandishi kutoka London, 29 Januari 1896

BIBI KOH GEOK NEO MELAKA
NASIKITIKA KAKA YAKO AMEFARIKI JANA KWA MAPAFU HAKUTESEKA MAZIKO KESHO BARUA INAFUATA
HARCOMBE


London, 31 Januari 1896

Geok Neo,

Homa imekwisha. Nimeamka nikiwa mwepesi sana, kifua kimefunguka, natembea mjini bila koti na sioni baridi.

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili Desemba nimeisoma. Wewe si mjinga. Mimi ndiye niliyekwambia uulize swali fupi. Nisamehe, mdogo wangu, nilifikiri mkubwa akikubali haraka ndiyo nimeshinda.

Sasa nawaona. Wamekaa nami hapa ninavyoandika. Ong Teck anauliza nani amechukua sinia lake. Yule mzee kiwete ameniambia jina lake, anaitwa Sim Kuan, na ameniomba nikuandikie ili lisipotee tena. Wananiita mkubwa. Nimewaambia mimi ni mtu wa karatasi, sijui kuongoza askari. Chia akasema hata wao hawakujua kitu, wamejifunzia njiani.

Kuna jambo moja, na ni aibu kulisema. Tuna njaa. Toka wameandikishwa hawajala. Yule nguruwe uliyemweka hawakumgusa kwa sababu walikuwa hawajakamilika, na kikosi kisichokamilika hakili, ndiyo amri yao. Sasa tumetimia. Wananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mshika chetezo na mimi ndiye mkubwa wao, na sina hata punje ya kuwapa.

Tunaondoka leo. Sikungoja meli. Bahari si ndefu kama nilivyodhani, ukienda kwa miguu.

Pika.

Seng Tiang


Melaka, 28 Februari 1896

Kaka,

Barua hii siipeleki posta, nitaichoma kwenye chetezo chako. Chua anasema itakufikia leo leo, kwa hiyo usisingizie meli.

Bwana Harcombe aliniandikia kurasa tatu. Anasema walikuzika tarehe thelathini kwenye mvua, na watu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia, hakuwajua wote. Juzi meli ikaleta barua yako ya mwisho. Bahasha ilikuwa imelowa, muhuri hausomeki. Mwandiko ni wako, na namna unavyovuta mkia wa jina letu ni yako. Nimeamua umekosea tarehe. Nimeiweka chini ya mto wangu na hakuna atakayeiona.

Nimelia mpaka macho yamefumba, na nimekutukana pia, nikwambie kabisa. Hukuwa na haja ya kumwonyesha yule Kanali kwamba wewe ni mwanaume. Mimi nilikuwa nalijua hilo, na nilikuwa nakungoja. Nilimwambia Jenerali anichukue mimi, nikarusha vibao mpaka viganja vikachubuka. Hakukubali, hakukataa, alicheka tu.

Mji wote unakusifu. Habari za mkataba zilipofika walipiga baruti kutwa. Watu waliokataa kunipa kibaba cha mchele walikuja kuniambia umewaokoa. Wanaandikisha vijana kwa kile kikosi, na bibi wa duka la vitambaa ndiye anayeshona sare, kwa bei nzuri. Mwanawe hakuandikishwa, ana kifua.

Jana ilikuwa kumi na tano ya mwezi wa kwanza. Asubuhi wazee wa hekalu walinijia, wanane, wamevaa vizuri. Waliketi sebuleni kwetu, wakanywa chai, wakakusifu tena. Nikajua wana neno. Mkubwa wao akasafisha koo akasema, "Bibi, kambi ya kaskazini sasa si wageni. Ni watu wetu wenyewe, na kaka yako ndiye anayewaongoza. Wao wanaelewa hali yetu. Tumeona tuwe tunawapa nusu."

Nikawaongezea chai. Akadhani sijaelewa. "Kaka yako alikuwa mtu wa kuokoa gharama," akasema. "Yeye mwenyewe angekubali."

Walikuwa wameshaiandika karatasi, kwa mwandiko mzuri. Aliifungua mezani, akanisogezea wino.

Nikawaambia nimeisoma na haina kasoro. Nikawaambia mimi ni mwanamke, jina langu halina uzito, kwa hiyo waanze wao, kila mmoja aweke lake chini pale, wazi, kwa herufi zetu, ili Jenerali ajue nani na nani wamekubaliana kumpunguzia kaka yangu chakula. Nikampa kalamu yule wa kwanza.

Aliishika muda mrefu. Akampa wa pili. Wa pili akasema macho yake si mazuri, akasogeza. Karatasi ilizunguka meza nzima, wazee wanane, chai ikapoa, ikarudi mbele yangu bila jina hata moja. Waliaga mmoja mmoja, kwa heshima nyingi.

Nikaenda jikoni. Nimepika kamili, Kaka, mabakuli matano, na nimemwambia Sim Kuan jina lake tunalijua. Nzi walitua kabla sijamaliza kupakua.

Mdogo wako,
Geok Neo